Tundu la Ufunguo

Mlango niliununua Gikomba
asubuhi ambayo mvua ilikuwa bado haijaamua.
Mvule, mzito, rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni.
Ni wa nyumba iliyobomolewa, muuzaji alisema,
barabara ilitaka kupita.
Hakusema nani alikuwa akiufungua.

Mkokoteni ukanifikisha Umoja.
Ngazi, ghorofa ya nne, kituo baada ya kituo,
na mke wa landilodi akichungulia:
"Mama Katile, unahama au unahamia?"

Karakana yangu ni roshani,
futi sita kwa tatu,
kamba za kuanikia juu, mtungi wa gesi pembeni.
Randa ikikohoa, vumbi linatua
kwenye mashati ya jirani.
Tunasameheana kila Jumamosi.

Gitaa ni la Okumbe.
Mashine ya kukata mabati, kule viwandani,
ilimdai vidole viwili vya mkono wa kushoto
na haikutoa risiti.
Alikuja na kipande cha katoni, amechora shingo:
nyembamba hapa, akasema, hapa inenepe kidogo,
shahada ifike peke yake
pale vilipokuwa vikifika vitatu.
Nikampima kiganja kwa utepe wa fundi nguo
kama mtu anayeshonewa suti ya harusi.
Hakutazama. Alitazama tangi la maji
juu ya paa la jirani,
mpaka nikamaliza.

Usiku, watoto wakilala, nasuka sikio lake.
Sumaku ya spika iliyopasuka,
shaba nyembamba kuliko unywele wa kichanga,
na mota ya cherehani ya marehemu mama
inazungusha, inazungusha,
nami nahesabu, elfu tano mia tatu,
elfu tano mia tatu na moja,
midomo mikavu, shingo imekufa ganzi.
Kwenye elfu sita na kumi na mbili
waya ukakatika.
Nilitukana kwa Kikamba, polepole,
nisiwaamshe.
Nikaanza moja.

Nilipochora umbo la mwili
nilikwepa misumari, nikakwepa fundo,
nikakwepa jina la mtoto lililochorwa kwa kisu
chini, kimo cha goti.
(Kipande kile nimekiweka. Sijui kwa nini.)
Lakini tundu la ufunguo halikukwepeka.
Lingezibwa: gundi, unga wa mbao,
msasa ungepita, vanishi ingesahau.
Nililala nalo siku mbili.
Ya tatu nikachukua keekee,
nikalipanua milimita chache, nikatia soketi humo.
Waya na uingie
palipoingia ufunguo.

Okumbe akaja Jumapili,
na ampu ya kuazima kanisani begani.
Nikachomeka.
Taa zikazimika.
Jengo zima likasema "Aaah!" kwa sauti moja,
na sisi tukacheka gizani
mpaka nikashika ukuta.

Yeye hakungoja stima.
Akainamisha taya juu ya mbao,
maana gitaa la umeme, umeme ukikosekana,
husikika kwa mfupa.
Shahada ikatembea. Kidole cha mwisho
kikaruka pengo kama mtoto anayeruka mtaro.
Kosa.
Tena. Kosa dogo zaidi.
Tena.
Sikusikia karibu chochote, kuguna kwa nyuzi tu,
na pumzi yake ikibadilika.

"Kuna mtu anabisha hodi humu ndani," akasema.

Kweli mtu alibisha.
Mke wa landilodi, tochi ya simu mkononi,
anauliza ni kwake tu au ni kwa wote.
"Ni wote," nikamwambia. "Ingia."

Akaketi juu ya debe la vanishi, akazima tochi
asimalize chaji.
Swichi ya ampu tuliiacha
imewashwa.